SOMO: MASHINE IWASHWE LINI? Kanuni za Kuanzisha Kazi na Muda wa Kusubiri



Somo la toleo hili linahusu jambo linalokikuta kila wiki kila chama chenye mashine ya kusaga, mizani ya kununulia mazao au dirisha la malipo, nalo ni foleni. Mara nyingi foleni ndefu huhesabiwa kuwa kosa la mhudumu mvivu, au la wanachama waliofika wote kwa pamoja. Lakini ziko foleni zinazotokana na kanuni iliyowekwa na Halmashauri yenyewe kuhusu wakati wa kuanzisha na kusimamisha kazi. Hata mhudumu awe hodari namna gani, kanuni isiyofaa itaendelea kuwaweka watu kwenye benchi.

Baada ya kusoma somo hili, Katibu ataweza:
(a) kueleza jinsi muda wa matayarisho unavyoongeza muda wa kusubiri;
(b) kulinganisha kanuni mbalimbali za kuwasha na kuzima mashine;
(c) kupima kwa daftari na saa ya ukutani muda wanaosubiri wanachama wake.

1. Asili ya elimu hii

Elimu ya foleni ilianzia katika kazi ya simu. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, mtaalamu wa hesabu wa kampuni ya simu ya Copenhagen nchini Denmark, alichapisha hesabu za simu zinazoingia ovyo, bila ratiba. Alionyesha kuwa jambo lisilotabirika kwa mtu mmoja huweza kuhesabiwa kwa watu wengi. Mwaka 1963 M. Yadin na P. Naor waliandika kuhusu kituo cha huduma kinachoweza kufungwa watu wakiisha na kufunguliwa tena wakitimia idadi fulani. Siku hizi hesabu hizo hizo hutumiwa katika majumba yenye maelfu ya kompyuta. Kompyuta iliyowashwa bila kazi huendelea kula umeme, na iliyozimwa huhitaji muda kabla ya kuwa tayari. Mashine ya kusaga ya kijijini ina tabia hiyo hiyo, ila tu yenyewe hula dizeli.

2. Mfano wa mashine ya kusaga

Tuseme chama kina mashine moja ya kusaga yenye injini ya dizeli, nayo hufanya kazi saa 10 kwa siku, yaani dakika 600. Kwa wastani mtu mmoja hufika na mahindi yake kila baada ya dakika 10. Hivyo watu 60 hufika kwa siku. Hawafiki kwa mpango: pengine watatu hufuatana, kisha nusu saa hupita bila mtu. Kumsagia mtu mmoja huchukua wastani wa dakika 6, lakini mwenye debe moja humaliza upesi na mwenye gunia huchelewa.

Kazi yenyewe ya kusaga ni watu 60 mara dakika 6, yaani dakika 360. Zinabaki dakika 240 ambazo mashine haina mtu. Mtu anaweza kudhani kuwa kwa kuwa nafasi ipo, hakuna atakayesubiri. Sivyo. Kwa sababu watu hufika ovyo na mizigo hutofautiana, hesabu zinaonyesha kwamba hata injini ikiachwa inazunguka kutwa, kila mtu husubiri wastani wa dakika 9 kabla ya kusagiwa. Hizo dakika 9 ndizo msingi wetu, na kila kanuni ya kuzima injini huongeza juu yake.

Sasa tuseme kuwasha upya huchukua dakika 20: kukagua oili na maji, kukaza mkanda, kupiga hendeli, kuiacha injini ipate moto, kisha kurekebisha mashine mpaka unga utoke sawasawa. Huu ndio muda wa matayarisho.

3. Dakika 20 humgusa nani?

Watu wengi hudhani kuwa matayarisho humchelewesha yule wa kwanza tu. Tufuatane na hesabu. Injini imezimwa, na mtu wa kwanza anafika. Mwendeshaji anaanza matayarisho. Katika dakika 20 zinazofuata, wastani wa watu wawili wengine hufika. Wa kwanza amesubiri dakika 20. Wale wawili walifika katikati ya muda huo, mmoja mapema na mwingine baadaye, kwa hiyo kila mmoja amesubiri wastani wa dakika 10. Jumla ni dakika 40 kwa watu watatu, yaani dakika 13 na theluthi kwa kila mmoja.

Hapo ndipo jambo la kukumbukwa lilipo. Mashine inapoanza kusaga tayari kuna watu watatu. Kabla hawajaisha mwingine hufika na kusimama nyuma yao, na nyuma yake mwingine. Kwa wastani watu saba au wanane hupitia mashine kabla haijakosa mtu. Hesabu zinaonyesha kwamba ucheleweshaji ule wa mwanzo hurithiwa na wote wanaofuata, na wastani wake kwa kila mtu wa siku nzima ni ile ile dakika 13 na theluthi. Deni la mwanzo hulipwa na wote, hata na yule aliyefika injini inanguruma na asijue kuwa ilikuwa imezimwa.

4. Kanuni nne zalinganishwa

Halmashauri inaweza kuchagua mojawapo ya kanuni hizi:

Kanuni A: Injini ikiwashwa asubuhi isizimwe mpaka jioni.
Kanuni B: Izimwe watu wakiisha, iwashwe afikapo mtu mmoja.
Kanuni C: Izimwe watu wakiisha, iwashwe wakitimia watu 2.
Kanuni D: Izimwe watu wakiisha, iwashwe wakitimia watu 4.

Kwa mfano wetu wa dakika 600, wastani wa siku nyingi ni kama ifuatavyo. Matayarisho ya asubuhi, kabla ya kufungua, hayamo katika hesabu hii.

Kanuni A: kuwasha upya, hakuna, matayarisho, hakuna, injini imezimwa, dakika 0, inazunguka bila kusaga, dakika 240, ongezeko la kusubiri, 0.
Kanuni B: kuwasha upya mara 8, matayarisho dakika 160, imezimwa dakika 80, ongezeko la kusubiri dakika 13.
Kanuni C: kuwasha upya mara 6, matayarisho dakika 120, imezimwa dakika 120, ongezeko la kusubiri dakika 17 na nusu.
Kanuni D: kuwasha upya mara 4, matayarisho dakika 80, imezimwa dakika 160, ongezeko la kusubiri dakika 27.

Tuitazame Kanuni B kwa makini, kwa kuwa ndiyo inayopendwa na wengi. Huonekana ya haki: mtu akifika, anahudumiwa. Lakini mwendeshaji huwasha injini mara 8 kwa siku. Katika zile dakika 240 zisizo na mtu, 160 huishia katika matayarisho, na katika sehemu ya muda huo injini hula dizeli bila unga kutoka. Kupumzika kwenyewe ni dakika 80 tu. Na bei yake? Watu 60 mara dakika 13 na theluthi ni dakika 800, yaani zaidi ya saa 13 za wanachama kukaa kwenye benchi kila siku.

Kutoka Kanuni B kwenda C, injini hupata dakika 40 zaidi za kupumzika, na kila mtu huongezewa dakika 4 tu. Kutoka C kwenda D, hupatikana dakika 40 nyingine, lakini safari hii kila mtu huongezewa dakika 9. Hivyo kila hatua ya kungoja watu zaidi ina faida ile ile au ndogo kuliko ya kwanza, na gharama kubwa zaidi. Gharama hiyo haiandikwi katika vitabu vya chama, kwa kuwa hulipwa na mama mwenye debe kichwani na mtoto aliyetumwa mashineni kabla ya shule.

Wengine hushauri njia ya kati: watu wakiisha, injini isizimwe mara moja, ingojee dakika tano au kumi. Mahali ambapo watu hufika ovyo kabisa, njia hii haina msingi. Dakika tano za kungoja bila mtu hazikuambii lolote kuhusu dakika tano zijazo. Kama ilifaa kuzima baada ya dakika tano, ilifaa kuzima tangu mwanzo. Na kama haikufaa mwanzo, haifai baadaye. Mwaka 1968 Daniel Heyman alithibitisha kwa hesabu kwamba kwa mhudumu mmoja na watu wanaofika hivyo, uchaguzi bora ni mmoja kati ya miwili: kutozima kabisa, au kuzima watu wakiisha na kuwasha wakitimia idadi iliyowekwa.

5. Siku ya watu wachache na siku ya gulio

Kanuni inayofaa siku moja huweza kudhuru siku nyingine. Tuchukue siku ambayo mtu mmoja hufika kila baada ya nusu saa. Injini ikizunguka kutwa, kusubiri ni dakika moja na nusu, lakini injini husaga dakika 120 tu na kuzunguka bure dakika 480. Kwa Kanuni B ongezeko ni dakika 16. Kwa Kanuni D ongezeko ni dakika 57, kwa sababu wa kwanza hukaa akingoja wenzake watatu ambao huenda wasifike upesi.

Siku ya gulio mambo hugeuka. Mtu mmoja akifika kila baada ya dakika 7, kusubiri kwa msingi hufika dakika 36 hata injini isipozimwa kamwe. Ongezeko la Kanuni B ni dakika 12 au 13 tu, na injini huwashwa upya mara 3 hivi, kwa kuwa ni mara chache kukosa mtu. Siku hiyo kubishana juu ya kuzima injini hakusaidii sana. Dawa ni kuongeza saa za kazi, kuharakisha upimaji, au kupata mashine ya pili.

Kwa siku za watu wachache iko njia ambayo vyama havina budi kuifikiria, nayo ni saa zinazojulikana. Tuseme chama kinatangaza kuwa kutakuwa na kusaga saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri. Watu 20 wa siku hiyo hugawanyika kumi kumi. Matayarisho hufanywa kabla ya saa iliyotangazwa, na injini huwashwa mara 2 tu. Wote kumi wakifika pamoja, wastani wa kusubiri ni dakika 27. Wakipewa namba, watano wafike kwa saa iliyotangazwa na watano nusu saa baadaye, wastani hushuka hadi kama dakika 12. Muda uliobaki mwanachama huutumia shambani au nyumbani. Kungoja kunakojulikana mapema mtu hukupangia kazi nyingine. Kungoja kusikojulikana humfunga kwenye benchi.

6. Matayarisho yasiyotabirika

Mpaka hapa tumesema matayarisho huchukua dakika 20 kila mara. Sasa tuseme katika kila mara nne, tatu huchukua dakika 5, na moja huchukua dakika 65 kwa sababu spana haionekani, au ufunguo wa ghala uko kwa mtu aliyekwenda msibani. Wastani bado ni dakika 20. Lakini ongezeko la kusubiri kwa Kanuni B hupanda kutoka dakika 13 hadi karibu dakika 25. Sababu ni kwamba zile dakika 65 ndizo zinazokusanya watu wengi, kwa hiyo wanaoumia siku mbaya ni wengi kuliko wanaofaidika siku nzuri. Katibu asitosheke kuambiwa wastani. Aulize pia siku mbaya ilikuwa mbaya kiasi gani.

Kinyume chake, tuseme mwendeshaji hukagua oili, maji na mkanda mara tu injini inapozimwa na kupoa, badala ya kungoja mtu afike, hata matayarisho yakapungua hadi dakika 10. Kwa Kanuni B ongezeko hushuka kutoka dakika 13 hadi 7 na nusu. Pamoja na hayo, muda wa injini kuzimwa hupanda kutoka dakika 80 hadi 120. Kanuni zote za sehemu ya 4 zilimpa mmoja kwa kumnyang'anya mwingine. Kufupisha matayarisho hupunguza kusubiri na dizeli kwa pamoja, kwa hiyo kazi hiyo itangulie kabla ya kujadili idadi ya watu wa kungojea.

7. Mizani mbili katika msimu

Msimu wa kununua mazao chama huweza kuwa na mizani mbili, ya pili ikifunguliwa watu wakizidi. Kufungua mizani ya pili kuna matayarisho yake: kumwita karani, kuweka mizani kwenye sifuri, kutoa kitabu cha stakabadhi. Tuseme huchukua dakika 15, na kupima mzigo wa mtu mmoja huchukua dakika 4. Ikiwa karani wa pili huitwa wakiwapo watu wanne, mizani ya kwanza itakuwa karibu kuwamaliza wote wanne kabla ya ya pili kuwa tayari. Ameitwa bure, isipokuwa wengine wanaendelea kuja. Yafaa basi aitwe kwa kuangalia njia pamoja na foleni: magunia yaliyopangwa tangu alfajiri na mikokoteni inayoonekana kwa mbali.

Tena, mizani ya pili isifungwe mara tu foleni inapoisha. Hapa kungoja kidogo kuna maana, tofauti na ile mashine moja, kwa sababu mizani ya kwanza ingali inahudumia, na foleni iliyoisha dakika hii huweza kurudi upesi. Mwaka 2010 Anshul Gandhi, Mor Harchol-Balter na Ivo Adan walichapisha uchunguzi wa makundi ya kompyuta zenye gharama za kuwashwa, na kanuni ya kuchelewesha kuzima ni miongoni mwa zile ambazo kazi ya namna hiyo imezionyesha kuwa na manufaa palipo na wahudumu wengi.

8. Mazao yasiyongoja

Mahindi yakisubiri saa moja hayaharibiki. Anayeumia ni mwenye mahindi. Kahawa mbivu ni habari nyingine. Matunda yaliyochumwa hayana budi kumenywa siku ile ile, kwani yakikaa huanza kuchacha na ubora wa kahawa hushuka. Chama chenye mashine ya kumenyea kikiweka kanuni ya kungoja matunda yatimie kiasi fulani, lazima kiongeze sharti la pili: au ifikapo saa fulani, hata kiasi kisipotimia. Bila sharti hilo, mkulima aliyechuma mapema siku ya mavuno haba ndiye atakayepata hasara ya bei.

9. Jinsi ya kupima

Katibu hana haja ya kumfuata kila mtu kwa saa. Mwaka 1961 John Little wa Marekani alithibitisha kanuni rahisi: idadi ya wanaosubiri kwa wastani ni sawa na idadi ya wanaofika kwa dakika, mara muda wa kusubiri. Kwa hiyo fanya hivi:

(i) Kila nusu saa hesabu watu walioko kwenye benchi, uandike katika daftari. Jioni tafuta wastani.
(ii) Hesabu watu wote waliohudumiwa siku hiyo, ugawanye dakika za kazi kwa idadi yao. Utapata dakika ngapi hupita kati ya mtu na mtu.
(iii) Zidisha namba hizo mbili. Wastani wa watu 3 kwenye benchi, na mtu mmoja kila dakika 10, ni kusubiri dakika 30.
(iv) Kila injini inapowashwa, andika saa ya kuanza matayarisho na saa unga ulipoanza kutoka.

Daftari la wiki mbili, pamoja na kiasi cha dizeli kilichotumika, litaiwezesha Halmashauri kuamua kwa hesabu.

10. Muhtasari

Kwanza, fupisha matayarisho na yafanye yatabirike. Pili, siku za watu wengi acha injini izunguke. Tatu, siku za watu wachache tangaza saa za kazi, na saa hizo ziheshimiwe. Nne, chama kikichagua kungoja idadi ya watu, idadi hiyo iwe ndogo, iandikwe ukutani, na iambatane na kikomo cha saa. Tano, saa za wanachama ziingizwe katika hesabu kama dizeli inavyoingizwa, kwa kuwa mwenye mashine na mwenye kusubiri ni mtu yule yule.

Maswali ya majadiliano

1. Katika chama chenu, matayarisho ya kuwasha mashine huchukua dakika ngapi? Ni yapi yanayoweza kufanywa kabla ya mtu kufika?
2. Watu 5 wako kwenye benchi kwa wastani, na mtu mmoja hufika kila dakika 8. Wanasubiri muda gani?
3. Mwanachama anadai kuwa Kanuni B ndiyo yenye haki kuliko zote. Mjibuni kwa kutumia hesabu za sehemu ya 4.
4. Ni siku zipi za wiki ambazo chama chenu kingefaidika kwa kutangaza saa za kazi? Pendekezeni saa hizo kwa Halmashauri.